Tusi la Saa Kumi

Watu wakiniuliza nimefiwa na nani, nikajibu kwamba nimefiwa na mtani, huanza kutabasamu kabla hawajanipa pole. Siwalaumu, maana mtani ni mtu wa kuchekwa. Lakini katika Tabora nzima huyu ndiye aliyekuwa akinisemesha kila siku, ingawa tulionana dakika tano tu, yeye akiingia kazini na mimi nikitoka.

Tulifanya kazi kwenye duka la steshenari karibu na soko. Lilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta moja ya mezani na mashine ya kutoa kopi iliyokuwa na hasira kuliko mimi. Nilishika zamu ya asubuhi mpaka saa saba, yeye akashika mchana mpaka jioni. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo aliyekuja huku na treni akiwa kijana, akaoa hapahapa na kusahau kurudi kwao. Babu zake na babu zangu walijuana kwenye ile njia ya misafara ya kwenda Bagamoyo, wakazikana njiani, na utani wetu tuliurithi kutoka huko. Siku ya kwanza tu aliniita Mpagazi. Nami nikamuuliza kama watu wa Pwani huwa wanaamka kabla ya adhuhuri, tukawa tumeshaelewana.

Kwa kuwa hatukuonana sana, tulitaniana kwa maandishi. Kwenye kompyuta kulikuwa na faili tuliloliita Mizigo. Nikifika asubuhi nalifungua kabla hata sijafungua dirisha, nasoma tusi la jana, nacheka peke yangu, kisha naandika langu juu yake ili alikute mchana. Tuliendesha mchezo huo miaka mingi. Sikuwa na mke tena, na watoto wangu wako mbali na hawapigi simu mpaka wawe na shida, kwa hiyo nakiri kwamba siku nyingine niliamka kwa ajili ya faili lile.

Jumapili moja binti yangu aliahidi kuja. Nilichinja kuku, nikapika, nikakaa nyumbani kwangu Itetemia kuangalia barabara mpaka chakula kikapoa. Hakuja. Jumatatu mtani aliponiuliza habari za mgeni nilimjibu, "Hakufika, kuku amepoa," nikaondoka. Jumanne asubuhi nikafungua Mizigo, nikakuta haya:

"Mpagazi, ukifa huko Itetemia hakuna atakayejua mpaka kunguru waitishe mkutano. Oa mke, au angalau fuga mbuzi awe analia mlangoni. Kesho nisubiri nikifika, nikuchagulie mbuzi mwenyewe."

Mtani hanuniwi. Mtoto wa Kinyamwezi hujifunza hilo mapema: akikuvua kofia cheka, akikutukania marehemu wako cheka, akikufunga kamba mlangoni siku ya harusi yako cheka. Mimi siku ile nilinuna. Nililifuta faili lote, miaka yote ya matusi, tena kwa ile njia isiyopitia kwenye pipa la taka. Kisha nikafunga duka saa sita na nusu ili nisikutane naye.

Jumatano tulipishana mlangoni, akanitazama, nikajifanya natafuta funguo. Alhamisi vilevile. Ijumaa alianguka msikitini na hakuamka.

Tulimzika Jumamosi. Mazishini mtani ana kazi yake, na hakuna mwingine anayeweza kuifanya: awasumbue wafiwa, amcheke marehemu, awafanye watu wacheke angalau mara moja katikati ya kilio. Mimi nilisimama nyuma, karibu na uzio. Niliwasikia wanawake wakiulizana, "Kwani mtani wake hajaja?" Nikainamisha kichwa.

Jumatano iliyofuata mjane wake alinipigia simu dukani. "Shemeji," aliniambia, "siku ya mazishi ulitutupa. Arobaini usitutupe." Nikamwahidi. Lakini baada ya kukata simu nilijua siwezi kumcheka mtu ambaye nilimnunia hadi kaburini. Nilitaka kitu kimoja tu: nilisome tena lile tusi, nione kama kweli lilistahili ile hasira yangu.

Alhamisi asubuhi nikampigia simu fundi aliyeitengeneza ile kompyuta, mwanamke wa kulekule Itetemia ambaye ni fundi na pia ni mkulima. Zamani, virusi vya flashi za wateja vilipotumaliza, alituwekea mfumo mwingine wa bure.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwanangu, kitu kilichofutwa kinarudi?"

Akanieleza. Kompyuta ile kila saa inapiga picha ya mafaili yote jinsi yalivyo na kuiweka pembeni. Yeye aliziita snapshoti. Ukifuta leo, ile picha ya jana haina habari kwamba umefuta. Ila zile za kila saa zinakaa siku kumi tu, halafu mashine inaanza kuzitupa yenyewe, moja baada ya nyingine, kuanzia ya zamani.

"Hilo faili liliandikwa lini?"

"Jumatatu mchana. Sio ya wiki hii, ya wiki iliyopita."

Nikamsikia akihesabu siku kwa sauti ya chini. "Zima kompyuta, baba. Zima sasa hivi, na usiiguse mpaka nije."

Nikazima. Frateri mmoja kutoka seminari ya Kipalapala alikuja kuchapisha utafiti wake nikamrudisha, akaondoka akinitazama kwa huruma. Fundi alifika saa nane na nusu, viatu vimejaa udongo wa shamba. Aliwasha, akaharakisha kuusimamisha ule utupaji, akafungua kile kioo cheusi chenye maandishi meupe.

"Ya saa nane imeshakwenda," alisema. "Imetupwa nilipowasha. Ya saa tisa ipo, na ya saa kumi ipo."

"Nipe ya saa kumi."

Faili likafunguka. Kunguru walikuwepo na mbuzi alikuwepo. Nililisoma mara mbili na, kwa kweli, ni tusi zuri. Nilicheka. Fundi akauliza kama nataka na ile ya saa tisa, nikasema si ni kitu kilekile, akasema siyo, hii ina maneno mengine. Akaifungua, akaanza kusoma, kisha akasimama na kusema anakwenda kununua maji.

Humo hakuniita Mpagazi.

"Ndugu yangu, leo sikutanii. Asubuhi nilikuwa hospitali. Wameniambia moyo umekuwa mkubwa na umechoka, na wamesema kwa sura ile unayoijua. Nyumbani sijasema, mama watoto hatalala. Nimekufikiria wewe na yule kuku wako wa jana, nikaona wewe utanielewa. Naogopa kufa. Kesho ukimaliza zamu usiondoke. Nisubiri, tukae kidogo tuzungumze"

Hakuweka hata nukta. Kati ya saa tisa na saa kumi aliyasoma tena, akaona haya, akayafuta yote na kuandika habari za kunguru. Wala sidhani ni kifo changu alichokuwa anakiwazia. Alichobakiza ni lile ombi la kumsubiri tu, akalifungia kwenye mbuzi ili likataliwe bila kuumiza. Nami nikalikataa nusu saa kabla hajafika.

Fundi aliponirudishia mafaili yote niliyahifadhi. Lile la saa tisa sikumwonyesha mjane. Alichokuwa amemficha si changu kukifichua, na mpaka leo, ukimtoa fundi, ninakijua peke yangu.

Arobaini ilifika. Baada ya dua nilisimama katikati ya uwanja wao, nikiwa nimevaa kanzu yake ya zamani niliyomwomba mjane, imenibana kifuani. Niliwasomea matusi kutoka kwenye Mizigo. Nilimwiga anavyotembea. Niliwaambia Mzaramo huyu amekufa ili asiamke mapema, na mjane alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha nikafika kwenye kunguru na mbuzi, nikasema, "Kesho nisubiri," na sauti ikakatika.

Nililia. Nilikaa chini vumbini nikalia kwa sauti, nikamwita, nikamwambia nisamehe, nilikuwepo, nilikuwa nimenuna tu. Sasa, kulia kwa uongo ni mojawapo ya kazi za mtani. Hujigaragaza na kupiga yowe kuliko wafiwa wenyewe. Watu walishika mbavu. Wazee walipiga makofi. Kadiri nilivyolia ndivyo walivyocheka, na mzee mmoja akamwambia mwenzake kwa furaha kabisa, "Huyu ndiye mtani bwana, angalia, mpaka machozi yanatoka!"