Mapovu Kwenye Nta

Kibiti nzima ilijua kwamba Hajira binti Abbasi hachekeshwi ovyo wala hasemeshwi kazini. Alikuwa mwanamke pekee pale sokoni aliyesuka upya waya za mota zilizoungua: za mashine za kusaga, za pampu, za feni zilizochoshwa na joto. Mteja akimletea mota na maneno mengi, aliipokea mota na kuyaacha maneno mlangoni. Mtu mmoja tu alimmudu, mumewe Kheri, mpiga gitaa, ambaye kila jioni alisimama mlangoni pa kibanda na kuuliza neno moja: "Bado?" Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Bado kidogo." Mapenzi yao yote yalikuwa humo, na wenyewe hawakuona upungufu.

Ufundi ule aliurithi kwa baba yake, na baba yake aliingia ufundi kwa sababu ya gitaa. Ujanani Mzee Abbasi alikuwa mkata mikoko wa Mbwera na mpiga gitaa wa bendi ya dansi. Gitaa lake lilikuwa sanduku tupu la mbao lenye tundu katikati, na mbele ya ngoma na matarumbeta halikusikika hata kwa mpigaji mwenyewe. Watu walimtania kwamba amepanda jukwaani kujikuna tumbo. Huko ng'ambo wenye shida hiyohiyo walikuwa wameshaitafutia dawa zamani: walichukua sumaku, wakaizungushia waya mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu, wakaiweka chini ya nyuzi za chuma. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, waya unapata umeme kidogo, na amplifaya inaukuza hadi ukumbi unatetemeka. Abbasi aliliona gitaa la namna hiyo kwa bendi iliyokuwa ikipita kwenda Lindi, na tangu siku ile hakutulia. Alivunja spika mbovu akapata sumaku, akafungua mota iliyoungua akapata waya.

Gitaa likasikika, tena likapiga mayowe. Sauti ya spika ilirudi ndani ya lile sanduku tupu, likavuma lenyewe mpaka wacheza dansi wakaziba masikio. Hilo nalo lilishawasumbua wa ng'ambo, na dawa yake ilikuwa kuondoa tumbo kabisa, gitaa liwe la ubao mzima. Abbasi akachonga la mkomafi, mti mwekundu wa kwenye mikoko, zito kama mtoto aliyelala. Bado koili yake, ule waya uliozungushiwa sumaku, ilinasa kila kitu, mguno, kikohozi, mlango ukifungwa, kwa sababu waya ulicheza ndani yake. Ndipo alipojifunza kuitosa kwenye nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Nta inaingia katikati ya waya, na hewa inatoka kwa mapovu.

"Usiitoe mpaka mapovu yaishe," alimfundisha binti yake. "Ukiiachia pumzi ndani, itasikia yasiyoihusu."

Gitaa hilo la mkomafi ndilo alilopewa Kheri siku alipomwoa Hajira, na ndilo alilokuwa nalo mwaka jana alipopanda boti ya injini kwenda kupiga harusini Mbwera. Boti ilipinduka kwenye mdomo wa kijito, mchana kweupe. Gitaa lilikutwa limenasa kwenye mizizi ya mikoko. Kheri hakuonekana. Abdala, mwendesha boti, aliyeokoka kwa kuogelea, aliapa mbele ya sheikh kwamba alimwona akizama, na kwamba mapovu yalitoka pale kwa muda, kisha yakaisha.

Sheikh akasema ushahidi umetosha. Ikasaliwa sala ya ghaibu, ya maiti asiyeonekana, na Hajira akaambiwa aingie eda, akae ndani kwa nguo nyeupe kama mjane yeyote. Akakataa katakata.

"Nikae eda ya nani? Nimemzika wapi?"

Asubuhi yake akafungua kibanda kama kawaida. Watu wakasema mwanamke huyu hana haya, na mama mkwe wake, Bi Sabra, aliyekuwa akiishi nao, akawa na aibu juu ya msiba. Wasengenyaji hao hawakuwa na habari kwamba tangu boti ipinduke Hajira hakuwahi kuutia mlango wake komeo. Alikuwa akimngoja mtu.

Katika kungoja huko akaanza kulitengeneza gitaa nyumbani. Chumvi ilikuwa imeila koili, hivyo alilisuuza kwa maji ya kisima, akalianika kivulini, akasuka koili mpya. Akabandika nta jikoni. Ilipoyeyuka akaishusha koili, na mara tu ilipogusa, povu la kwanza likapanda likapasuka. Hajira akaitoa upesi. Alijua ufundi unataka nini, lakini hakuwa na moyo wa kukaa pale kuyatazama mapovu yakiisha. Akaifunga gitaani hivyohivyo, na pumzi zake ndani.

Alipowasha amplifaya, adhuhuri ya jua kali, spika ilitoa sauti ya maji. Yalikuwa yakipiga taratibu, kama yanavyopiga ubavu wa boti iliyofungwa. Hajira akatoka nje kuangalia nani anafua. Hakukuwa na mtu. Akajiambia koili isiyoshiba nta inanasa chochote, huenda ni pipa la jirani. Kesho yake akafunga madirisha, akalilaza gitaa kifudifudi juu ya godoro, akalitoa nyuzi zote. Maji yakaendelea kupiga, na katikati yake mtu akakohoa, kikohozi kifupi cha kusafisha koo kabla ya kuimba. Alikijua kikohozi kile kuliko alivyoijua sauti yake mwenyewe.

Siku ya tatu spika ikasema, kwa mbali, "Bado?"

Bi Sabra alikuwa mlangoni, na ungo ukamponyoka mikononi.

Kuanzia hapo kikongwe hakutaja eda tena. Waliokuja kuulizia hitma aliwarudisha, akisema mwanawe hajafa. Kila alasiri alipika wali wa nazi, akaupakua, akaweka sahani mbele ya spika na kukaa kwenye mkeka akiitazama. Wali haukuliwa. Lakini sakafu chini ya spika ilianza kulowa. Hajira aliifuta ikalowa tena, na mara moja alipochovya kidole na kukigusisha ulimini, aliona ni chumvi. Kibiti na bahari ni mwendo wa kutwa. Aliogopa, naam, ila zaidi ya woga alikuwa na furaha, na furaha ile ndiyo iliyomtisha. Alianza kufunga kibanda mapema awahi kusikia.

Alasiri moja alimkuta Bi Sabra amevaa, ameoga, amefunga kanga zake kwenye kifurushi.

"Safari ya wapi, mama?"

"Mbwera. Mwanangu ananiuliza kila siku kama bado sijaja. Kesho Abdala atanipeleka pale pale."

"Pale pana maji tu, mama."

"Najua pana maji," alisema Bi Sabra kwa upole, akatabasamu.

Hajira akakaa chini kwa kishindo. Aliona wazi kwamba asipofanya kitu, kesho atazikosa maiti mbili badala ya moja. Na aliona jambo jingine, lililomchoma zaidi. Neno lile hakuwa akiulizwa mama mtu. Kheri hakuwahi kumuuliza mtu mwingine duniani.

Alifungua gitaa, akaitoa koili, akabandika nta. Bi Sabra alipofahamu, alimshika mkono.

"Utamnyamazisha mwanangu!"

"Kachoka kungoja mlangoni, mama. Mimi ndiye ninayemchelewesha."

Akaishusha koili. Mapovu yakapanda mengi kwa pamoja, kisha machache, kisha moja moja. Safari hii hakugeuza uso. Alilia akiyatazama, na Bi Sabra naye akachutama kando yake, na mkono aliokuwa akiuvuta akawa anaushikilia. Chumbani, amplifaya ilikuwa inawaka na haikuunganishwa na kitu chochote. Ikauliza, karibu kabisa safari hii, "Bado?"

Povu la mwisho lilikuja likasimama juu ya nta bila kupasuka. Lilikaa hapo, zima, likipanda na kushuka kidogo kama kifua cha mtu. Wanawake wawili walilitazama hadi nta ikaanza kuganda pembezoni.

"Tayari, Kheri," Hajira akasema.

Likapasuka.

Aliifunga koili, akalivika gitaa nyuzi mpya, akalipiga mara moja. Lilitoa sauti safi ya nyuzi, basi. Akasogeza midomo hadi karibu na koili, akaita jina la mumewe. Spika haikurudisha kitu. Bi Sabra akafungua kifurushi chake, akachagua kanga iliyo nyeupe kuliko zote, akamfunika mkwewe mabegani.

Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu boti ipinduke, Hajira aliutia mlango komeo.