Sanda Siku ya Mgomo

Siku ya mgomo nilikuwa ndani ya duka langu, mlango wa chuma umeshushwa, nimekaa na binti yangu aliyekuwa anajiandaa na mtihani wa kidato cha sita. Wafanyabiashara wa mtaa wetu pale Kariakoo tulikuwa tumekubaliana: hakuna kufungua mpaka wakubwa waje watusikilize kuhusu ushuru na mizigo yetu inayokamatwa barabarani. Mimi nilikubali shingo upande. Nilikuja kulinda vitambaa vyangu, basi, maana mgomo wa Bongo ukikolea, wa kwanza kuumia ni mwenye mali. Binti nilimwambia abaki nyumbani, akakataa katakata.

Kwa hiyo tukawa tunasoma. Yeye anasoma kwa Kiingereza, ananieleza kwa Kiswahili. Mada ilikuwa sababu za mapinduzi ya kikomunisti ya Urusi. Mfalme asiyesikia la mtu, wakulima wasio na ardhi ya kutosha, wafanyakazi wa viwandani waliorundikwa vyumbani kama magunia. Halafu vita iliyomaliza vijana, na mkate ukaadimika mjini.

"Sababu ni njaa," nikamkatiza. "Hayo mengine ni ya kujazia karatasi."

"Njaa ilikuwepo siku zote, mama. Mbona hawakuinuka siku zote?"

Akanieleza kwamba wanawake waliochoka na foleni za mkate waliingia barabarani, wafanyakazi wa viwandani wakawafuata, askari wakaamriwa kuwapiga risasi. Wengine walipiga. Kisha askari wale wale wakakataa, na mfalme akabaki hana mtu. Nilicheka. Askari akatae amri, halafu akale wapi? Nikamwambia walimu wake wa tuisheni wamemlisha hadithi, na ada natoa mimi. Akanuna.

Nje vijana wa mgomo walikuwa wanapita duka kwa duka, wanagongagonga makufuli kuhakikisha. Asubuhi ile jirani yangu, mzee wa Kihindi, alifungua nusu mlango ampe mteja wake wa siku nyingi mzigo. Vijana wakamtolea majora yake, wakayakanyagia kwenye tope. Nilishuhudia kwa tundu la mlango.

Ndipo tukasikia hodi. Mtu alikuwa anapiga chuma kwa kiganja, polepole.

"Naomba sanda, dada."

Mimi ni Mkristo wa Kilimanjaro, lakini duka hili nimeachiwa na mama mkwe wangu, na tangu enzi zake Waislamu wa huku kitambaa cheupe cha kuzikia wananunua kwetu. Alinifundisha adabu zake. Muuza sanda habishani bei, hamwambii mteja karibu tena, na hamfungii mlango mtu wa msiba.

"Nimezunguka Kariakoo nzima, kote kumefungwa," sauti ikaendelea. "Mazishi ni adhuhuri."

Niliogopa, sisemi uongo. Kila nilichonacho duniani kilikuwa kwenye zile rafu. Binti yangu ananitazama tu, kitabu mapajani.

"Usiniangalie hivyo," nikamwambia. Nikapandisha mlango usawa wa kiuno.

Akaingia kwa kuinama mwanamke mdogo, mkubwa kidogo tu kwa binti yangu. Alitoka bondeni Jangwani, mvua ya usiku ilikuwa imejaza njia, gauni limelowa mpaka magotini. Hakuwa analia. Nilimpa pole, nikateremsha jora la bafta nyeupe ya sanda, nikauliza kama ninavyouliza siku zote, "Ya mwanamume au ya mwanamke?"

Kabla hajajibu, mlango ukapandishwa wote kwa kishindo. Vijana walikuwa wamejaa kibarazani. Aliyewaongoza alishika nondo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Tulikubaliana nini? Mwenzako tumemmwagia mzigo, wewe unauza?"

"Ni msiba, baba."

"Leo kila anayefungua ana msiba. Huyu anabeba majora mangapi?"

Hasira zikanipanda kuliko woga. "Muulize mwenyewe, yuko mbele yako."

Yule mwanamke aliinua mikono, akaonyesha urefu kati ya viganja vyake. Haukufika hata urefu wa mkono wangu.

Mmoja nyuma aliyeshika jiwe akalitua chini taratibu, kama anaogopa kuamsha mtu. Nikapima, nikaanza kuchana, na kitambaa kikawa kinanikimbia mikononi. Kiongozi wao akashika upande wa pili bila kuombwa. Nikachana na vipande vya kufungia, nikaweka pamba na ubani, nikamkabidhi.

Alipopokea akamgeukia yule kijana wa nondo, si mimi.

"Baba yake yuko safari ya Kongo na lori. Nyumbani tuko wanawake watupu. Sina mwanamume wa kumpeleka mwanangu makaburini."

Kijana akawatazama wenzake. Akaegemeza nondo ukutani kwangu.

"Twende, dada. Tutambeba sisi."

Wakaondoka wote, yule mwanamke katikati, sanda kifuani. Nikasimama kibarazani mpaka walipokata kona. Mtaa ulikuwa mweupe, hakuna aliyebaki wa kumtisha mtu.

"Mama, si tufungue sasa?" binti akauliza. "Hakuna wa kutuzuia."

Nikaitazama ile nondo ukutani. Mwanamke anazunguka mji mzima kutafuta sanda ya kichanga, kwa sababu watu wazima wenye vyeo hawataki kuja kukaa na sisi tukaongea. Tangu asubuhi nilikuwa nimewakasirikia wale vijana. Sasa niliwakasirikia waliotufikisha hapo.

"Hatufungui," nikasema. Nikavuta mlango chini, nikatia kufuli kwa mkono wangu.