Aliyenibusu Mkono Akaanguka

Mwanangu alinibusu mkono, akaanguka chini kama gunia.

Nisikilizeni kwanza, halafu mnihukumu. Majina nimeyabadilisha, ila mambo ni haya haya.

Niiteni Baya, mkulima wa Ganda, nje kidogo ya Malindi. Mvi zimenijaa kichwani, na siku hizi kwetu mvi si heshima tena, ni kesi. Mtoto wa mdogo wangu Kazungu alipofariki kwa homa, Kazungu alisimama matangani akaninyooshea kidole. Ati mimi ndiye niliyemla kwa uchawi.

Tangu siku hiyo sikupata mgeni. Nikipita, akina mama wanawaita watoto ndani. Hata mwanangu Jefwa, aliyeoa Malindi mjini na kusilimu huko, aliacha kuja. Nikawa nalala na panga chini ya kitanda.

Basi moyo ukaanza kunibana. Kilifi wakanipima, wakanituma hospitali moja ya Mombasa nikachunguzwe mishipa ya moyo. Nikaenda peke yangu.

"Mzee, nani yuko nawe?" nesi akaniuliza.

"Wako nje, wanaegesha gari."

Gari gani, jamani? Baiskeli yenyewe sina.

Nesi yule aliitwa Pamela. Akanieleza kwamba daktari atapitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa kifundo cha mkono mpaka moyoni. Mshipa wangu ulikuwa mdogo, kwa hiyo akanipaka krimu ya kuupanua, akafunika na nailoni, akazungushia bendeji.

"Pasiguswe hapa, mzee. Hii dawa ikimpata mtu mwingine inaweza kumshusha presha."

"Sawa, mama."

Hata hajafika mlangoni, simu yangu ikalia. Jefwa!

"Baba, pasta wako kaniambia uko hapa. Niko getini na bamdogo Kazungu. Nimembembeleza mpaka kakubali. Leo myamalize."

Machozi yalinitoka. Halafu nikautazama mkono wangu. Kitambaa kimefungwa kifundoni, ndani kimetuna. Kazungu angeona nini pale? Hirizi! Angeiona tu, angegeuka arudi alikotoka.

Nikaifungua ile bendeji, nikaitupa pipani pamoja na nailoni yake. Krimu nikaifuta juu juu kwa shuka.

Wakaingia. Kazungu akabaki mlangoni, mikono mfukoni. Jefwa alikuja moja kwa moja. Sisi wa Ganda tunapeana mikono tu, lakini yeye kwa wakwe zake amejifunza adabu za mjini.

"Shikamoo, baba."

Akaushika mkono wangu kwa mikono yote miwili, akaubusu, akaulaza uso wake juu ya kifundo akilia. "Nisamehe, baba."

Onyo la nesi nililikumbuka, sitawadanganya. Lakini ni muda mrefu hakuna binadamu aliyekuwa amenigusa kwa mapenzi. Nikamwachia mkono, nisiuondoe.

Alipoinuka akashika paji la uso. "Baba, kichwa..."

Macho yakapinduka. Puu! Sakafuni.

"Mutsai!" Kazungu akapiga ukelele. Ndiyo mchawi kwa lugha yetu. "Mwanawe mwenyewe! Mbele ya macho yangu!"

Akatoka mbio.

Daktari akaja, Jefwa akainuliwa miguu, akatundikiwa dripu. Alipozinduka akaulizwa, "Umekunywa dawa gani leo?"

Jefwa akanitazama mimi, kisha akautazama ukuta. "Zile za nguvu za kiume, daktari. Alfajiri."

Daktari akautazama mkono wangu usio na bendeji, akatikisa kichwa. "Dawa ya mzee ikikutana na hizo, hata kidogo tu, presha inaporomoka. Ungeweza kufa."

Jamani, nilicheka kwa furaha. Kumbe kuna sababu! Na ameitoa daktari, si mganga.

"Mwanangu, mpigie bamdogo wako sasa hivi umweleze."

Jefwa akaishika simu, asiifungue. "Nimweleze nini, baba? Kwamba kijana kama mimi nakunywa vile vidonge? Mke wangu atajua. Malindi nzima itanicheka."

"Wewe watakucheka. Mimi wataniua."

Akapiga. Nikaisikia sauti ya Kazungu ikiuliza nini kilimpata.

"Hata mimi sielewi, bamdogo," Jefwa akajibu. "Nilisikia tu nguvu zimeniisha."

Alikata simu bila kunitazama. Na mimi nikanyamaza. Ni mwanangu, ningefanyaje?

Nilipakwa dawa upya, mshipa ukapanuka, daktari akapita hapo hapo kifundoni na kuzibua palipoziba. Moyo unafanya kazi vizuri, namshukuru Mungu. Lakini Ganda nilikuta habari zimenitangulia na mlango wangu umevunjwa.

Sasa naishi kwenye kituo cha wazee waliofukuzwa makwao kama mimi. Shamba langu analima Kazungu. Jefwa hunitumia salamu za Idi kwa simu. Ukimuuliza baba yake yuko wapi, atakwambia yuko kwenye matibabu.

Nimeandika hapa kwa sababu hapa hakuna anijuaye.

Ndugu msomaji, ukienda hospitali taja kila dawa unayokunywa, hata ile unayoionea haya. Na ukiwa na neno linaloweza kumwokoa mtu, liseme. Kicheko cha watu kingeisha kwa mwezi mmoja. Mimi sijui nitarudi nyumbani lini.