Muthokoi ya Kufika Mombasa

Haya, nyinyi mmesimama hapo nyuma karibu na sufuria, nawaona. Nyama haijaiva, na hata mkiitazama namna hiyo haitaiva haraka. Geukeni huku kidogo niwaambie venye mimi, mtu ambaye shule niliipita kwa nje nikipeleka ng'ombe, nilipigana na intaneti mpaka ikaniletea wateja mlangoni.

Mnajua hoteli ya mama watoto pale Sultan Hamud, kando ya barabara. Ni ndogo. Akiingia mtu mnene mmoja, wembamba wawili wanatoka. Na chakula ni moja tu, muthokoi, yale mahindi tunatwanga mpaka maganda yatoke, halafu tunachemsha na mbaazi mpaka yenyewe yaombe msamaha. Mama watoto alifundishwa kutwanga na mama yangu kule Zombe. Huyo mama yangu akishika mchi, majirani ng'ambo ya mto walikuwa wanatoa ndoo nje wakidhani ni ngurumo ya mvua.

Kazi yangu mimi ilikuwa kukaa mlangoni na kuita watu. Hiyo kazi niliifanya vizuri, kwa sababu haina kitu ya kubeba.

Sasa kuna shemeji yangu, mdogo wa mama watoto, yuko Tawa. Anashona nguo, na pia anajua kompyuta, hata maduka ya huko ni yeye anayatengenezea mambo ya intaneti. Siku moja akanipigia akasema, shem, wacha nikujengee saiti. Mimi saiti najua ni mjengo. Nikaona, kumbe huyu ananipenda kuliko dada yake. Asubuhi nikaita fundi, nikaagiza mchanga na mawe. Shemeji kufika na kompyuta kwa mkoba, akatupata na fundi tumechimba shimo ungedhani tunatafuta maji. Alikaa juu ya ule mchanga akacheka mpaka fundi akaanza kucheka na yeye hajui ni nini. Shimo liko mpaka leo, na mchanga uko, kuku wanaoga hapo.

Basi saiti ikawa ni ya ndani ya simu. Shemeji alinieleza kwamba ile mashine ya kutafuta inaangalia maneno yenye watu wanaandika, kwa hivyo mwenye maneno mingi ndiye anaonekana mbele. Nikamwambia kama ni maneno, hapo amefika. Tukaandika muthokoi Sultan Hamud, muthokoi tamu Sultan Hamud, hoteli ya muthokoi tamu Sultan Hamud, mpaka ukisoma unadhani mwenye aliandika alikuwa na kwikwi. Lakini ilifanya kazi. Mtu akitoka Nairobi, akiandika muthokoi tu, sisi hao juu kabisa. Magari yalikuwa yanaegeshwa kutoka kwetu mpaka karibu Emali.

Halafu ile AI ikaja. Sikuiona ikija, niliona tu magari yanapita.

Nikapigia shemeji nikidhani saiti imeanguka. Akasema haijaanguka, iko imesimama sawasawa, ni watu wameacha kuingia. Siku hizi mtu akiuliza kitu hachagui tena saiti ya kufungua. Kuna akili ya mashine imekaa pale juu, imesoma saiti zote, inajibu yenyewe. Mtu akiuliza muthokoi ni nini, inamwambia ni mahindi na mbaazi, na yeye anafunga simu anaendelea na safari. Nikaelewa mara moja. Ni kama kuna mtu amesimama mlangoni kwako, ameonja sufuria yako, sasa anaambia kila mpita njia venye inakaa mdomoni, na watu wanaenda wameshiba maneno. Na mimi ndiye nilikuwa mtu wa mlangoni. Yaani kazi yangu ilipewa mwingine, na huyo mwingine halali wala haendi chooni.

Mama watoto si mtu wa mzaha. Alisema atangoja mpaka ndengu zivunwe. Kama bado hoteli iko tupu, anaweka kufuli, anabeba sufuria zake, tunarudi Zombe kulima. Hapo nilishtuka. Si jembe nilikuwa naogopa, ingawa hatupatani. Kule Zombe kila mtu ana hadithi kubwa kuliko yangu, mimi nitaongea na nani? Hapa watu ni wapita njia, hadithi moja naitumia mwaka mzima. Na kuna kitu ingine. Jioni nilikuwa namwona akiangalia sufuria imejaa, anaipangusa ukingo tu kwa kitambaa. Hiyo sikuwa na mzaha wake.

Shemeji akaja kutoka Tawa. Kitu ya kwanza, alifuta ile kwikwi yote. Akasema hii akili mpya haihesabu maneno. Inatafuta mtu amejibu swali sawasawa, tena mtu amefanya hiyo kitu kwa mkono wake. Ukiandika kenye kila mtu ameandika, inakuchanganya na wengine kama mahindi na maharagwe kwa githeri, jina lako halionekani. Lakini ukisema kitu haiko kwingine popote, lazima iseme imeitoa kwako.

Akauliza wateja huwa wanauliza nini kabla ya kukaa. Tukamwambia. Mama watoto akajibu zile za jikoni, venye unanyunyizia mahindi maji kidogo kwanza, unatwanga pole, unapepeta, unaanika. Shemeji anaandika tu. Mama watoto aliporudi jikoni, shemeji akageukia mimi akasema kuna swali watu wa safari wanauliza sana, sahani moja inashikilia tumbo mpaka wapi.

Nikamwambia, "Ukila hapa Sultan Hamud, njaa utaisikia ukishafika Mombasa, na kama hauna mwenyeji, itakungoja mpaka upate mahali pa kulala."

Shemeji akaniangalia. "Shem, hii mashine haijui mzaha. Ukiiambia kitu, inaamini."

Nikasema basi, kumbe hatimaye nimepata mtu.

Ndengu zilikuwa zimeanza kukauka shambani wakati gari moja iliposimama. Akashuka mama na watoto wake, akauliza kama hapa ndio pa ile chakula ya kufika Mombasa. Akanisomea kwa simu. Ile mashine ilikuwa inasema, tena kwa heshima kama mtu wa habari, kwamba kulingana na hoteli moja Sultan Hamud, sahani moja ya muthokoi inamfikisha msafiri Mombasa bila njaa. Chini hapo, saiti yetu. Niliingia nyuma ya nyumba nikacheza na kuku.

Wakaja wengine. Wakaja kwaya, wakaja malori, ikawa mtu haulizi tena chakula ni gani. Anasema nipe ya Mombasa. Wa kushuka Makindu, hapo karibu tu, anaitisha ndogo. Mama watoto naye akazoea, ukiingia anakuuliza unaenda wapi, halafu anapima na mwiko.

Yeye alidhani ni mzaha wa wateja. Siku alijua ni mimi niliandikisha, alikasirika. Yeye ni mtu wa kanisa, anasimama mlangoni Jumapili akisalimia watu. Alisema hawezi kulisha watu uongo, na siku mtu mmoja atarudi kulalamika, kufuli inawekwa, ndengu au hakuna ndengu.

Na mtu akarudi. Dereva wa lori, alitoka upande wa Mombasa, mkubwa hivi mpaka mlango ulimwomba aingie upande. Ameshika simu. Akauliza ni nani aliandika maneno ya hapa. Mimi nikaangalia lile shimo la saiti, nikaona sasa nimejua lilichimbwa ya nini.

Akasema mbele ya watu wote kwamba alikula hapa, akaamini simu, akakataa ndizi, akakataa mahindi choma njia yote, na kufika Voi, Mombasa bado iko mbali, tumbo likaanza kumwongelesha. Mama watoto akaweka mwiko chini, akaniangalia mimi, akaangalia kufuli imetundikwa kwa msumari. Halafu akamuuliza pole pole, sasa anataka wamfanyie nini.

Yule dereva akavuta benchi, akakaa, akakunja mikono ya shati.

"Mama, mimi sina maneno mingi. Niwekee tu ile ilibaki, ya Voi mpaka Mombasa."