Buni ya Shujaa wa Gharib

Jumamosi, 14 Machi 1992. Mvua kubwa tangu alfajiri.

Fundi redio wa Omurushaka alikuwa ametunga mchezo ambao watu wa Kanoni na Chonyonyo waliucheza bila kuonana. Kila mmoja alijifanya mtu wa ufalme uliochorwa kwenye mifuko ya saruji, akamtumia fundi hatua zake kupitia kondakta wa basi. Fundi alimwekea kila mtu wa ufalme huo punje ya buni, kahawa kavu isiyokaangwa; aliyekufa mchezoni, punje yake aliitafuna. Anonciata, mshonaji aliyeketi kibarazani pa fundi, alicheza kama mfugaji; mfugaji huyo alikuwa ameshatafunwa, naye hakulalamika. Sasa Gharib mwenye duka, ambaye shujaa wake alikuwa amezama mtoni, akaingia na katoni ya betri.

“Mfufue, fundi. Ni mchezo tu.”

Anonciata akasimamisha cherehani. Fundi akaiokota buni ya yule shujaa.

“Mchezo tu, Mzee Gharib? Mfugaji wa dada huyu alikufa kwa njaa. Nani alimletea betri?”

Akaitia ile buni mdomoni, akaitafuna taratibu huku amemkazia macho, kisha akaisukuma katoni kwa mguu mpaka mvuani.

Asubuhi iliyofuata alimpelekea Gharib punje nyingine ya kuanza mchezo upya: mtoto mchanga, asiye na mkuki wala ng'ombe.