Kahawa ya Kakao Tuliyowapa Wazee wa Kanisa

Namshukuru Mungu aliyenifikisha uzee huu nikiwa bado nasikia harufu. Juzi hapa Makambako mjukuu wangu Neema alichemsha kahawa nzito, akaiyeyushia chokoleti na maziwa, kisha akamimina kifuniko kimoja cha pombe tamu ya chupa. Mvuke ule ukanirudisha Njombe, masika nilipokuwa na miaka kumi, jikoni kwa Shangazi Eda.

Shangazi aliwahi kuwapikia wageni wa ng'ambo. Alitusimulia kwamba wakimaliza kula walikunywa kahawa yenye kakao, iliyotiwa kileo kitamu kidogo. Nikataka kujua: kileo hicho kina ladha gani? Kinakamuliwa kwenye mti gani? "Wewe mtoto utayauliza hata majivu," alinijibu. Masika yale alikuwa ametengwa na kanisa kwa ulevi. Mwaka mzima hakuikaribia meza ya Bwana, na pombe alikuwa ameiacha kabisa. Jumamosi wazee wawili wa kanisa wangekuja kuamua kama arudishwe. Akanituma niwapikie kahawa ile, bila kileo.

Nilitwanga kahawa, nikakoroga kakao ya kopo kwenye maziwa, nikaonja. Niliona kuna kitu kinapungua. Kwetu ulanzi, yale maji ya mwanzi, ukiwa mpya huitwa mtogwa; ni mtamu, hata watoto tulipewa. Nilikuwa nimekinga kikombe kimoja Alhamisi na kukificha kando ya mafiga. Nikamimina chote bila kuonja. Nilisahau jambo analolijua kila mtoto wa kwetu, kwamba mtogwa haungoji. Siku mbili penye joto, unakuwa mkangafu, pombe kamili.

"Kamwene, Eda," wazee walisalimia, wakaketi, wakauliza maswali yao, wakaridhika. Ndipo nikaleta vikombe. Mzee Mgaya alikunywa akafumba macho. "Mama, kahawa hii inashuka mpaka magotini!" Mwenzake akaomba aongezewe. Shangazi akapiga funda moja, akakiweka kikombe chini taratibu. Angeweza kunyamaza; wazee walikuwa wakifurahi tu.

"Wazee wangu, msinywe tena. Humu mna mkangafu. Mimi naufahamu."

Nikaanza kulia, nikasema ni mimi niliyeutia, nilidhani bado ni mtogwa. Mzee Mgaya akachungulia kikombe chake kitupu. "Basi Eda, ukitengwa wewe, na mimi nitengwe. Nimemaliza chote." Mwenzake alijizuia, akashindwa, akacheka hadi machozi. Kisha Mzee Mgaya akakaza uso. "Anayetaka kurudia ulevi angeficha. Jumapili njoo mbele."

Jumapili hiyo Shangazi alipiga magoti mezani pa Bwana, nami nikimtazama kutoka benchi la watoto.

"Bibi, nikutilie?" Neema aliniuliza juzi. "Nitilie, ila hicho cha chupa kiache." Kahawa yake ni laini kuliko yetu, na nguvu ya kileo chake imeandikwa kwenye chupa, kila mtu asome. Yetu haikuwa na maandishi. Ilibidi mtu afungue kinywa aseme, akijua huenda akarudishwa nje ya mlango. Wewe unayesoma, Bwana akujalie ulimi kama ule siku utakapouhitaji, na akuwekee watu wa kukusikiliza kwa huruma.