Kalamu ya Bluu Isiyokwisha Wino

Yote yalianzishwa na Wakorea, watu ambao sijawahi kuwakosea. Mwaka jana, wiki chache kabla ya mitihani yangu ya kumaliza sekondari, mtu alirusha video kwenye kikundi cha simu cha akina mama wa kanisa letu hapa Erdington, mtaa wa Birmingham. Akina mama wa Korea wamepiga magoti mbele ya picha za watoto wao, wanaomba siku mia moja mfululizo ili watoto waingie chuo kikuu. Mamangu aliitazama mara tatu, amesimama jikoni na sare ya kazi. Kisha akanitazama mimi, niliyekuwa nakula chipsi. Nikajua nimekwisha.

Pasta wetu hawezi kuona wazo la mwenzake bila kulipaka mafuta na kuliita lake. Jumapili iliyofuata akatangaza mfungo wa siku ishirini na moja kwa kila mama mwenye mtahiniwa. Hakuna kula wala kunywa mpaka jua lizame. Sheria hiyo aliibeba kutoka Kenya, ambako jua lina adabu, saa kumi na mbili na nusu limeshakwenda zake. Birmingham mwezi wa Juni jua linazurura mpaka saa tatu na nusu usiku. Hakuna aliyemkumbusha. Yeye mwenyewe hakufunga, hana mtahiniwa.

Halafu zikaja kalamu. Zililala madhabahuni wiki nzima, yaani juu ya meza ya plastiki ya ukumbi tunaokodi, zikapakwa mafuta ya upako na kuombewa kwa lugha ambazo hakuna mtahini anayezisahihisha. Zote za bluu. Mwanafunzi yeyote nchini humu anajua mtihani unaandikwa kwa wino mweusi tu. Sisi watahiniwa wanne tuliangaliana, kila mmoja akapokea yake. Nani angekatiza raha ya kuona watu wazima wakikemea mapepo yatoke kwenye kalamu ambazo hazina kazi?

Siku ya hesabu, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya mfungo, niliandika kwa kalamu nyeusi (nilipita, msijali) na ile ya bluu ikabaki mfukoni. Niliporudi nyumbani Mama akanyoosha mkono nimpe, akaiinua dirishani. Wino ulikuwa juu kabisa.

"Mbona imejaa?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi nikamwambia, "Si unakumbuka chupa ya mafuta ya yule mjane kwenye Biblia? Basi. Naandika, inajaa. Naandika, inajaa."

Nilikuwa nangoja kofi. Badala yake Mama aliketi, akaikumbatia kalamu kifuani, akaanza kulia na kushukuru. Ningemkatiza vipi? Jumapili alitoa ushuhuda, kalamu juu. Pasta akaipokea, akaibusu, akasema kwa kuwa mbingu zimejibu mapema hivi, kuacha sasa ni utovu wa shukrani. Mfungo uendelee mpaka matokeo yatoke Agosti.

Wiki ya kwanza nilicheka. Wiki ya pili kicheko kikaniishia. Mama huhudumia wazee kwenye makao fulani kule Edgbaston, kazi ya kuinua watu wazima kitandani kutwa. Asubuhi moja nilimkuta ameketi kwenye ngazi, kiatu kimoja mguuni, ameegemea ukuta, kamba zimemshinda. Aliniomba nimfungie.

Nikapiga magoti. Kusema ukweli ni rahisi zaidi ukiwa unaongea na kiatu.

"Mama, kalamu haikujaa. Sikuitumia. Wino wa bluu haukubaliwi. Nilikuwa nakutania."

Akaingiza mguu wa pili kiatuni, nikafunga kamba zake pia.

"Zile ishirini na moja nilimpa Mungu," akasema. "Hizi kumi nimempa nani?"

Aliniambia Jumapili nitasimama mimi mwenyewe, akaondoka kwenda kituo cha basi bila kugeuka.

Nikasimama. Nilieleza yote mbele ya watu, mpaka habari ya wino mweusi, na shati likalowa jasho mgongoni. Pasta hakunipa hata nafasi ya kuketi. Alininyang'anya kipaza sauti, akasema kijana kukiri hadharani ni muujiza mkubwa kuliko ule wa wino, na kwa shukrani akina mama wataongeza siku tatu baada ya matokeo.

Amina zikatoka, chache, zimechoka. Mama, kwenye kiti cha mbele, akafungua mkoba. Akatoa mandazi aliyoyafunga kwa karatasi, akamtazama Pasta usoni, akauma. Mama aliyekaa pembeni yake akanyoosha mkono, naye akapewa.